Israfu Ndani ya Jengo Lisilo na Uzito

Mwishoni mwa mwaka 2018 Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa sehemu mbili za kwanza za kiwango cha ISO 19650, kinachohusu usimamizi wa taarifa za majengo yanayosanifiwa kwa BIM, yaani kwa modeli za kidijitali ambazo kwazo wabunifu majengo na wahandisi hulijenga jengo zima ndani ya kompyuta kabla fundi hajachimba msingi. Ni waraka mkavu, wa aina isomwayo na mtu aliyelazimika. Lakini ndani yake mna hukumu moja ambayo ingefaa kabisa kwenye hutuba ya Ijumaa: kiasi cha taarifa kipimwe kwa kile kidogo kinachotosha kujibu haja iliyopo, na chochote kinachozidi hapo kihesabiwe kuwa ni ubadhirifu. Hukumu hiyo inashangaza ukiitafakari. Tumezoea kuita ubadhirifu kumwaga saruji, kutupa chakula, kuacha taa zikiwaka mchana kutwa. Modeli haina uzito. Bolti elfu kumi zilizochorwa kwenye skrini hazikupunguza chuma cha dunia hata gramu moja, na anayezinakili hamnyimi mwenzake chochote. Basi ni kwa haki gani mtu aitwe mbadhirifu kwa kuzichora?

Jibu la haraka ni la kiuchumi. Faili nzito huchelewesha kompyuta, mchoraji hulipwa kwa saa, na seva zina gharama zake. Yote ni kweli, ila ni jibu dhaifu, kwa kuwa linategemea udhaifu wa mitambo ya leo. Kompyuta zikiongezeka kasi na programu zikianza kuchora zenyewe, hoja hiyo itayeyuka na mbadhirifu wa jana ataonekana hana kosa. Ninachodai ni kingine: kuzidisha taarifa kwenye modeli ni kosa la ushahidi. Anayezidisha ama anasema asichokijua, ama anamsemesha asiyemuuliza, na anayedhulumiwa ni yule binadamu atakayeyaamini maneno yake au atakayepoteza siku nzima akiyachambua. Nikiwa sahihi, ile falsafa ya kazi bila ubadhirifu iliyotoka viwandani Japani, inapoingia katika ofisi za usanifu, inakuwa suala la maadili kabla haijawa mbinu ya usimamizi, na yako mambo yanayofanywa kwa jina lake ambayo itabidi yakataliwe.

Falsafa hiyo ilikua ndani ya Toyota baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na aliyeipa umbo ni mhandisi Taiichi Ohno. Alitaja aina 7 za ubadhirifu: kuzalisha kupita mahitaji, kusubiri, kusafirisha ovyo, kusindika kupita kiasi, kulimbikiza akiba, mizunguko isiyo na kazi, na kutengeneza vitu vyenye kasoro. Ile ya kwanza ndiyo aliyoiona mbaya kuliko zote, na sababu yake inafaa kuzingatiwa. Rundo la vipuri ambavyo hakuna aliyeviagiza huficha mashine mbovu, hesabu iliyokosewa na mfanyakazi asiyefundishwa. Maadamu rundo lipo, hakuna anayeona tatizo. Kwa hiyo hata kiwandani, palipo na chuma halisi, dhara kuu la ziada halikuwa chuma kilichotumika. Lilikuwa pazia. Mzizi mwingine wa falsafa hii ni wa zamani zaidi: Sakichi Toyoda, baba wa mwanzilishi wa kampuni ya magari, alitengeneza mashine ya kufuma nguo iliyosimama yenyewe uzi ulipokatika, na mwaka 1924 ikafikia ukamilifu wake. Mashine ya kawaida ingeendelea kufuma kitambaa kisichovalika hadi mtu aje kuizima. Wengi wanaoisifu Toyota husifu kasi. Mimi naona kiini chake ni huku kukataa kuendelea wakati uzi umeshakatika.

Mwaka 1992 Lauri Koskela, mtafiti kutoka Finland aliyekuwa mgeni katika Chuo Kikuu cha Stanford, aliandika ripoti akiuliza kama falsafa hiyo inaweza kuhamia kwenye ujenzi. Swali lake lilizaa jumuiya nzima ya watafiti, na miaka 13 baadaye yeye na Michail Kagioglou wakalipeleka mbali zaidi, kwenye metafizikia. Walidai kwamba usimamizi wa kawaida unauona ulimwengu kama mkusanyiko wa vitu vilivyotulia, kwa desturi inayorudi hadi kwa Parmenides, ilhali uzalishaji unaeleweka vyema zaidi kwa jicho la Heraclitus, aliyeona mwendo na mabadiliko kuwa ndio uhalisia wenyewe. Mtu asiyependa falsafa atasema hayo ni maneno ya mabwana wenye muda. Lakini hebu tazama matokeo yake kwenye modeli. Ukiichukua modeli kuwa ni kitu, basi ubora wake ni ukamilifu: kadiri inavyojazwa ndivyo inavyokuwa bora, na kitasa cha mlango kilichochorwa hadi tundu la ufunguo ni ushahidi wa bidii. Ukiichukua kuwa ni mwendo wa habari kati ya watu, ubora wake unahamia kwingine kabisa: nani amemwambia nani jambo gani, kwa wakati gani, na je, lilikuwa kweli?

Mtazamo huu wa pili unaonekana pia katika kazi ya Glenn Ballard, mtafiti wa usimamizi wa ujenzi aliyebuni utaratibu wa kupanga kazi za ujenzi kwa ahadi za kila wiki. Kabla ya hapo aligundua jambo la aibu kwa taaluma nzima: karibu nusu tu ya kazi zilizopangwa kufanyika ndani ya wiki ndizo zilizokamilika wiki hiyo. Nusu nyingine ilikuwa maneno. Wenzake walipotafuta namna ya kulieleza hilo walimgeukia Fernando Flores, waziri wa zamani wa Chile aliyeingia katika falsafa ya lugha, ambaye pamoja na Terry Winograd aliandika mwaka 1986 kwamba kompyuta ofisini kazi yake hasa ni kubeba ahadi, maombi na madai ya watu. Modeli ya jengo ni chombo cha namna hiyo. Kila ukuta uliomo ni dai: nasema ukuta utakuwa hapa, una unene huu, umetengenezwa kwa hiki.

Na hapa ndipo penye utajiri wa suala lenyewe, kwa sababu chombo hiki kina tabia moja ambayo karatasi haikuwa nayo. Mbunifu anayechora kwa penseli anaweza kuchora kwa shaka. Mstari mwepesi, uliorudiwarudiwa, unamwambia kila mtazamaji kwamba jambo hili bado linafikiriwa. Programu ya modeli haijui shaka. Dakika ile unapobofya kuweka ukuta, ukuta unakuja na unene wake kwa milimita, tabaka zake, na pengine jina la plasta. Mhandisi wa mitambo anayetaka kuonyesha tu kwamba njia ya hewa itapita upande wa mashariki hulazimika kuchagua kipenyo, kwa kuwa programu haikubali bomba lisilo na kipenyo. Kipenyo hicho hakikukokotolewa na yeyote. Lakini kesho yake mhandisi wa miundo atakiona na kushusha boriti ili kukikwepa, mkadiriaji majenzi atapiga hesabu ya mabati kutoka kwenye modeli ileile, na mteja atapewa bei. Watu watatu wamefanya uamuzi juu ya jambo ambalo halikuamuliwa. Hakuna aliyesema uongo kwa kukusudia; chombo kimesema kwa niaba yao, na wao wamekiachia. Chama cha wasanifu cha Marekani kilipoona hatari hiyo kilitoa mwaka 2008 waraka wa mkataba wenye ngazi, kuanzia 100 hadi 500, za kueleza kila sehemu ya modeli inaweza kutegemewa kwa kiasi gani. Zingatia kwamba lengo lilikuwa kuweka mpaka wa kutegemewa. Kwa bahati mbaya, katika ofisi nyingi ngazi hizo zimegeuzwa madaraja ya sifa, na mradi wenye 400 unajiona bora kuliko wenye 300, kama kwamba kusema sana ni kusema kweli.

Wasomi wa Kiislamu waliwahi kukutana na tatizo la namna hii, kwa ukubwa wa kutisha, karne nyingi kabla ya kompyuta. Habari kuhusu Mtume zilikuwa nyingi mno, zikisafirishwa na watu wengi, na wingi wake ndio uliokuwa hatari. Dawa yao haikuwa kuzikusanya zote na kuziacha mbele ya msomaji achague. Walidai kila habari ije na sanadi yake, nani aliipokea kwa nani, kisha wakaipa daraja: sahihi, hasani, dhaifu. Habari dhaifu haikufutwa lazima, lakini haikuruhusiwa kutembea bila jina lake. Kiwango cha ISO 19650 kinajaribu jambo la jinsi hiyo kinapotaka kila faili iwe katika hali inayojulikana, ama kazi inayoendelea ndani ya timu moja, ama iliyotolewa kwa wenzake, ama iliyoidhinishwa kutumika, ama iliyowekwa kumbukumbu, na iandikwe inafaa kwa kazi gani. Wachoraji wengi huona huo ni urasimu. Nadhani wanakosea. Bomba lenye kipenyo cha kubahatisha si kosa likiandikwa kwamba ni la kubahatisha. Linakuwa dhuluma pale linapoingia kwenye modeli ya pamoja likiwa limevaa sura ileile ya bomba lililokokotolewa.

Iko hadithi inayofahamika sana katika madrasa zetu, iliyomo katika Sunan ya Ibn Majah, kwamba Mtume alimkuta Saad bin Abi Waqqas akitawadha kwa maji mengi, akamkanya, na alipoulizwa kama israfu ipo hata katika udhu, akajibu kuwa ipo, hata mtu akiwa kando ya mto unaotiririka. Wapo wataalamu walioidhoofisha sanadi yake, na kwa niliyoyasema hivi punde ni haki kulitaja hilo. Maana yake hata hivyo imekubaliwa na wengi na inagusa moja kwa moja swali tuliloanza nalo. Mto hauishi kwa udhu wa mtu mmoja. Ikiwa kosa la israfu ni kumaliza kitu, basi mtoni hakuna israfu. Kama ipo, kosa liko ndani ya tendo lenyewe, katika kuvuka kipimo ambacho ibada imekiweka. Mwanasheria Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, alitenganisha makosa mawili ambayo watu huyachanganya: la kutojua kiasi kinachostahili, na la kutojua mahali panapostahili. Sijaona mgawanyo unaozifaa modeli kuliko huu. Kuchora nondo zote katika hatua ya kuomba kibali ni kosa la kiasi. Kuweka taarifa za udhamini wa pampu kwenye faili ya mbunifu, wakati fundi wa matengenezo atazitafuta kwenye rejista yake ya vifaa asizipate, ni kosa la mahali, hata kama kila neno lake ni kweli. La pili huumiza zaidi na huonekana kwa taabu zaidi, kwa maana kila mtu anaweza kuapa kwamba taarifa ipo.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka kwa wenye majengo. Jengo huishi miaka 50 au zaidi, wanasema, na leo hakuna ajuaye litaulizwa nini mwaka wa 30. Kwa hiyo ni busara kukusanya kila kitu sasa. Wana ushahidi pia: utafiti wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, uliochapishwa mwaka 2004, ulikadiria kwamba taarifa zisizopitika kutoka mfumo mmoja hadi mwingine ziligharimu sekta ya majengo makubwa nchini humo dola bilioni 15.8 kwa mwaka, na takribani theluthi mbili za hasara hiyo ziliwaangukia wamiliki na waendeshaji. Msomaji Mkristo anaweza kuongeza kwamba Yesu, baada ya kuwalisha watu elfu tano, aliwaagiza wanafunzi wake wakusanye vipande vilivyobaki kisipotee kitu. Naliheshimu pingamizi hili, ila ushahidi wake unaelekea upande mwingine. Hasara iliyopimwa na NIST haikuwa ya taarifa zilizokosa kuundwa. Sehemu yake kubwa ilikuwa ya watu kuingiza upya, kukagua na kutafuta taarifa ambazo tayari ziliwahi kuwapo mahali fulani. Na vile vikapu 12 vya vipande vilijazwa baada ya watu kula na kushiba, kwa mabaki ya chakula kilichohitajika. Hakuna aliyeoka mikate ya ziada ili vikapu vijae. Mwenye jengo anayetaka kumbukumbu ya miaka 50 anayo haki ya kuidai, mradi aidai kama haja yake, aeleze ni vifaa gani atakavyovitunza, na alipe mtu wa kuihuisha kila pampu inapobadilishwa. Kumbukumbu isiyohuishwa ni shahidi aliyefariki ambaye watu bado wananukuu maneno yake.

Wabunifu nao wana la kwao. Kiwanda hurudia, wanasema, na usanifu hutafuta. Ukimnyima mbunifu michoro ya kutupwa umemnyima kufikiri. Hilo ni kweli, na wa kwanza kulikubali ni Toyota wenyewe. Mwaka 1995 Allen Ward na wenzake walionyesha kwamba wahandisi wa Toyota walipobuni magari waliweka hai miundo mingi sambamba kwa muda mrefu kuliko washindani wao, wakachelewesha maamuzi kwa makusudi, na bado wakamaliza mapema. Kwa mhasibu huo ni ubadhirifu mtupu. Kwa hoja yangu si ubadhirifu hata kidogo, kwani miundo mitano iliyotolewa kama miundo mitano inasema kweli: bado hatujaamua. Mradi unaokimbilia muundo mmoja, ukaujaza hadi bolti, ukaubomoa mwezi wa nane, ndio uliodanganya. Ballard naye alitofautisha marudio yanayoongeza thamani na yale ambayo yangeweza kuachwa bila hasara, na hakuna mbunifu mkweli asiyejua marudio yake yako kundi gani. Kwa hiyo wale mameneja wanaopima tija kwa uchache wa matoleo ya michoro hawajaielewa falsafa wanayoihubiri.

Lipo pingamizi la tatu, na hili silijibu kwa wepesi. Mwandishi Satoshi Kamata alifanya kazi Toyota kama kibarua wa msimu mapema katika miaka ya 1970, akaandika kitabu kinachoeleza uchovu, kasi na upweke wa mstari wa uzalishaji. Kwa wafanyakazi wengi kuondoa ubadhirifu kumekuwa na maana ya kuondoa pumzi. Mchoraji wa modeli anayelipwa kidogo, anayepokea saa nne usiku maagizo ya kubadilisha ghorofa zote kabla ya asubuhi, hana faida yoyote na mazungumzo yetu juu ya Heraclitus. Ninachoweza kusema ni kwamba misamiati ya Toyota yenyewe inaihesabu mizigo inayomzidi mtu kuwa ovu la kusimama bega kwa bega na ubadhirifu, na kwamba kipimo cha ushahidi kinamlinda mchoraji huyo kuliko kipimo cha kasi. Shahidi ana haki ya kusema sijui. Ofisi inayomlazimisha kujaza kila kisanduku inamnyang'anya haki hiyo, na inapomlaumu baadaye kwa kosa alilolazimishwa kulijaza inamdhulumu mara mbili.

Kwamba usanifu unaofuata haja ya anayeuliza unawezekana, upo mfano wa hospitali iliyojengwa Castro Valley, California, na shirika la afya la Sutter Health. Sheria ya jimbo kuhusu matetemeko iliweka mwisho wa kutumia jengo la zamani mwanzoni mwa 2013, na mradi mpya wa takribani dola milioni 320 haukuwa na nafasi ya kuchelewa. Pande 11, kuanzia mmiliki na mbunifu hadi wakandarasi wa mabomba na umeme, zilitia saini mkataba mmoja wa kugawana faida na hasara. Waliketi wakapanga mtiririko wa usanifu wenyewe, nani anahitaji habari gani kutoka kwa nani na kwa mpangilio upi, kisha modeli zikafuata mpangilio huo. Hospitali ilifunguliwa Desemba 2012. Mradi mmoja hauthibitishi falsafa, na mwaka 2010 Rafael Sacks, Koskela na wenzao walipochambua makutano 56 kati ya BIM na falsafa hii walikiri kwamba manne kati yake yanakinzana. Lakini Castro Valley inaonyesha jambo moja ambalo teknolojia peke yake haikulileta: aliyeuliza alijulikana kabla anayejibu hajaanza kuchora.

Ndiyo maana lawama kubwa siiweki kwa mchoraji wala kwa programu. Naiweka kwa mteja, anayedai modeli kamili bila kusema kamili kwa ajili ya nani, na kwa washauri wanaomnakilia masharti ya mradi wa nchi nyingine kwa kuwa yanaonekana ya kisasa. Nawe ukiwa unaagiza shule, zahanati au ghorofa la kupangisha, na ukaletewa mkataba unaotaka kila kitu kwa ngazi ya juu kabisa, urudishe. Muulize mshauri wako kila taarifa aliyoiorodhesha itatumiwa na nani, siku gani, kwa uamuzi upi. Na mstari ambao hana jibu lake aufute kabla hujatia saini.